Fainali Niliyokuwa Naizima

Kaka yangu Kisigino,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepata nafuu tangu wakuhamishe kwenye mizigo mepesi hapo ghalani. Sisi hatujambo. Mama analalamikia goti akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauumwi kabisa. Bado anamkaripia kinyozi wa chini kwa kufagia nywele kuelekea mlangoni kwetu.

Umeniomba, kabla hujanunua toleo jipya la ule mchezo wetu wa video wa mpira wa mataifa, nikuambie hili la zamani lina uzuri gani na ubovu gani. Umemuuliza fundi cherehani kama mimi, basi naanza na jezi. Aliyezichora anajua kitambaa: mvua ikinyesha zinagandamana na mgongo, na mtu akivutwa unauona mshono wa bega ukikaza. Nyasi nazo huchakaa pale kipa anaposimama. Mashabiki huimba kwa namna ya kusisimua, mpaka kinyozi hugonga dari kwa fagio akiuliza nani kafunga.

Ubovu upo, tena si haba. Kipa huduwaa kama mlingoti. Mwamuzi hupuliza kipyenga mpira ukiwa hewani, unaelekea golini kweupe. Na mtangazaji anayejua majina ya wachezaji wa dunia nzima, sisi hutuita kwa namba. Akisema namba tisa kapokea mpira, Mama humjibu kwamba namba tisa ana jina, na mama yake yupo hapa.

Maana namba tisa ni wewe. Ulimtengeneza wiki ile ya kusafiri, ukampa jina lako, paji lako la uso na ule mtindo wako wa kuvuta soksi kabla ya penalti. Kila Jumapili Mama hukaa kando yangu na kuniambia nikupe mpira. Nikimpa mwingine, huninunia.

Ubovu mkubwa kuliko yote sijawahi kukuandikia. Mchezo huu unazeesha watu. Kila msimu ukiisha wachezaji huongezewa mwaka, na wewe ulipofika thelathini na saba yalitokea maandishi kuwa baada ya fainali utastaafu. Moyo ulinipasuka. Nikagundua kwamba nikizima mashine kabla ya kipyenga cha mwisho, fainali huanza upya. Kwa hiyo, kaka, nimecheza fainali hiyo hiyo miaka miwili. Dakika ya themanini na tisa nazima, namwambia Mama umeme umekatika.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili iliyopita, nilipopeleka kidole kwenye swichi, Mama alinishika mkono. Aliniuliza ni umeme gani huu unaokatika feni ikiendelea kuzunguka. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza kwa sababu na yeye hakutaka uondoke. Akasema mwanawe amekimbia vya kutosha, nimwache apumzike.

Basi nakiri: sikuzima. Dakika ya tisini ulipata penalti, ukavuta soksi, ukapaisha. Tukafungwa. Jina lako likafutwa kwenye orodha, na jezi yako akapewa mtu nisiyemjua. Nililia, wala sioni haya kukuambia. Nimekukumbuka, kaka. Miaka sita kila barua yako inasema mwakani, nami nimekuwa nikimkumbatia mtu wa kwenye kioo cha runinga ili nisikudai wewe mwenyewe.

Mama hakulia. Aliingia chumbani kwako, akavikusanya vitambaa vyangu vyote nilivyovirundika kitandani, akavitupa kwangu. Kisha akatandika shuka zile za bluu, akakung'uta mto vumbi, akafungua dirisha. Nilipomuuliza anafanya nini, alinijibu kwamba mchezaji akistaafu hurudi kwao.

Toleo jipya usinunue.

Mama anakusalimu sana. Kinyozi naye anasalimu, anasema kichwa chako atakinyoa yeye kabla hujapanda ngazi. Mimi nalala na vitambaa miguuni, kwa hiyo usikawie.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa ukinifunga tano bila,
Sindano