Dada Anafika Saa Ngapi?

Jumanne, 4 Machi
Dada kanunua tiketi! Miaka kumi na moja hajakanyaga hapa, tangu aondoke bila kumuaga Baba. Kaleta ujumbe: naruka Alhamisi magharibi, nafika Ijumaa saa nane.
Baba anapasuliwa moyo Ijumaa hiyohiyo, saa tano asubuhi. Nimemwomba daktari asogeze mbele. Kasema moyo wenyewe hausogezeki.

Jumatano, 5 Machi
Baba kauliza mara nne huko aliko Dada ni mbali kiasi gani. Sikujua. Kinyozi mimi, najua umbali wa wembe na sikio tu.
Mchana akaja Mwalimu wa hesabu kunyolewa. Nikamuuliza. Kapiga hesabu kwa kidole, kwenye povu alilopaka juu ya kioo changu: kilomita elfu kumi na moja, ndege inakwenda kama mia tisa kwa saa — masaa kumi na mawili na ushee. Sisi tuko mbele yao kwa masaa mawili. Jibu lake: saa mbili asubuhi.
Saa mbili? Dada kasema saa nane! Masaa sita yamekwenda wapi? Mwalimu naye kakuna kichwa, nusu kimenyolewa. Labda ndege inatua njiani, kasema.
Nimemwandikia Dada. Kajibu: "Saa nane, we mtoto! Msichelewe."
Basi ni saa nane. Yeye ndiye mwenye tiketi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Baba ukweli. Dada atamkuta ameshapasuliwa. Baba kasema ana neno moja tu la kumwambia, na angependa kulisema kabla hawajamfungua kifua.
Niambie mimi, nikamwambia, nitamfikishia.
"Si lako."

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye korido, nimesimama.
Saa nne u nusu nilikuwa namnyoa Baba kidevu, simu ikalia. Namba nisiyoijua. Dada! Analia, anafoka. Yuko uwanja wa ndege tangu asubuhi, laini yake haishiki huku, kaazima simu ya mlinzi. Mbona hatujaja?
Si ulisema saa nane?
Ndiyo, nane! Tiketi imeandikwa nane, sufuri sufuri!
Mungu wangu. Nane ya kizungu, ndiyo saa mbili yetu ya asubuhi. Kakaa huko mpaka saa zake zimegeuka — na mimi nikamwamini kuliko hesabu.
Panda teksi, nikamwambia. Njia ni dakika arobaini.
Baba kasikia yote, povu shavuni. "Yuko hapa? Hapahapa?"
Wauguzi wamekuja kabla ya wakati. Nimewaeleza, sijui hata nimeelezaje. Mkubwa wao kasema daktari keshanawa mikono, hawezi kungoja. Baba naye keshachomwa sindano, ulimi unaanza kuwa mzito. Namuuliza, Baba, neno lenyewe ni lipi? Ananitazama kama hanijui.
Wanasukuma kitanda. Wamesimama. Baba ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Muuguzi anamfungua vidole, kimoja kimoja, taratibu, na yeye anavirudisha