Barabara Aliyoichonga Greda

Jumatatu, 1 Septemba

Leo kanifungia nje. Nimetoka kuanika nguo, narudi, mlango umefungwa kwa ufunguo. Nikagonga. Akauliza kwa adabu kabisa, "Nani mwenzangu?" Nikasema ni mimi, mkeo. Akajibu mwenye nyumba hayupo, nirudi jioni. Miaka thelathini na minne ya ndoa — nirudi jioni! Nimekaa kwenye ngazi na beseni mapajani mpaka binti yetu alipopita na ufunguo wake.

Binti hakugomba. Afadhali angegomba. Kasema amempatia baba yake nafasi kwenye makao ya wazee, mwanzo wa mwezi ujao. Kwamba nimekonda na sijioni. Yeye ni muuguzi, anajua anachosema. Ndiyo maana inauma.

Jumatano, 3 Septemba

Natafuta karatasi zake za kustaafu ili nijaze fomu za makao, nikakuta ramani. Barabara ya kaskazini. Miaka kumi na moja aliichonga hiyo barabara na greda, mtambo wa kusawazisha udongo, mpaka wenzake wakampa jina hilo, na mimi mwenyewe namwita Greda hadi leo. Alikuwa anarudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Huko kwenyewe sijawahi kukanyaga.

Nikaitandaza mezani inyooke tu. Akaja. Akaweka kidole. "Hapa mteremko mbaya, mvua ikinyesha ni sabuni. Hapa tulikwama siku sita, tukala mahindi makavu." Sauti yake ile ile! Saa nzima anaongea. Halafu akaniita kwa jina langu, akaniomba maji.

Miezi saba sijalisikia jina langu kinywani mwake.

Nampeleka. Sijui vipi. Nampeleka.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuna kampuni inayopeleka watu huko. Tutajipeleka wenyewe. Nimepiga simu ofisi ya kivuko, akapokea karani mwenye mafua. Wanavusha magari kila Alhamisi, safari ya saa nane majini. Mvua zikikaribia wanasimama hadi mwakani. Alhamisi ya mwisho ya kwenda ni tarehe 18, ya kurudi tarehe 2 Oktoba. Siku kumi na mbili! Baada ya kushuka, kilomita mia nne na kumi za udongo. Msitu, kinamasi, tena msitu. Mafuta sehemu moja tu. Simu hazishiki.

Greda anasema daraja la kilomita ya 210 lisivukwe mvua ikinyesha, maji yanapita juu yake. Nikampigia karani tena. Akasema kweli kabisa, nani kaniambia?

Matumaini yakanipanda. Greda akaongeza kwamba kilomita ya 90 kuna kambi, maji safi, watu wazuri, tutalala pale. Nikapiga simu mara ya tatu. Karani akapiga chafya, akasema hiyo kambi ilivunjwa zamani, sasa hivi ni miti mitupu.

Kwa hiyo mito anaikumbuka sawasawa, watu ndio waliohama. Nimechora mstari katikati ya karatasi: maneno ya Greda kushoto, ya karani kulia. Kazini natunza mafaili ya wagonjwa, nimezoea karatasi zinazopingana. Lakini ofisini ukikosea faili hulali porini.

Jumanne, 9 Septemba

Shemeji yangu, mdogo wake Greda, ni fundi magari. Kalala chini ya gari letu, katoka anatikisa kichwa. "Shemeji, hili gari ni la kwendea sokoni." Lakini kabadilisha springi. Kafunga tairi mbili za akiba juu ya keria, na madumu manne ya mafuta. Kanilazimisha nibadilishe tairi mwenyewe, mara tatu, yeye kakaa kwenye ndoo anatazama. Mikono imechubuka. Mara ya tatu dakika ishirini na tano.

Akauliza polepole, "Na kaka akigoma kupanda gari katikati ya msitu, utafanyaje?"

Nikaendelea kukaza nati.

Ijumaa, 12 Septemba

Katoweka. Nimetoka kazini, jirani aliyekuwa anamwangalia analia uani: alikwenda chooni, kurudi, mtu hayupo. Saa tatu nzima nazunguka mitaa, viatu vimenikata, namuuliza kila muuza vocha. Nimemkuta kwenye barabara inayojengwa nyuma ya hospitali, kavaa kofia ya plastiki ya mtu, anawafokea mafundi kwamba mgongo wa barabara yao hauna mwinuko, maji yatasimama katikati.

Msimamizi akanivuta pembeni. "Mama, tusamehe, tulidhani mkaguzi." Kisha, "Na anachosema ni sahihi. Tumepima upya."

Nilicheka mpaka machozi. Baadaye nikagundua kicheko kiliisha zamani, yalikuwa yamebaki machozi tu.

Jumapili, 14 Septemba

Binti kachukua funguo za gari. Kazitia mkobani mbele ya macho yangu. Kasema kule baba akipotea hatutampata, hata mwili wa kuzika hatutaupata. Nikamwambia anataka kumtupa baba yake kwa watu baki. Nilisema na mengine, siyaandiki.

Akangoja nimalize. Akauliza, "Mama, unataka afurahi, au unataka akukumbuke wewe?"

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Katoka na funguo.

Jumatatu, 15 Septemba

Hakula. Nikamtandazia ramani, akaikunja vizuri, mara nne, akanirudishia kama leso. Nikaitandaza tena. Akaikunja.

Nyumba nzima nasikia saa ya ukutani tu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Ila mfa maji hamburuti mwenziwe.

Au humburuta. Sijui.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nimekuta mfuko umening'inia kwenye kitasa. Funguo. Dawa zake za wiki tatu, kila siku na pakiti yake: asubuhi, mchana, jioni, kwa mwandiko wa binti. Filimbi yenye kamba ya kuvaa shingoni. Barua hakuna.

Nimepiga simu, hapokei.

Nimepakia.

Alhamisi, 18 Septemba

Foleni ya kivuko. Tulifika saa moja asubuhi, gari kumi na nne mbele yetu, malori karibu yote. Njia nzima Greda kakaa wima, filimbi shingoni, anazitazama nguzo za umeme zikipungua. Nikaanza kuogopa kimya chake kuliko msitu.

Mkagua tiketi kachungulia dirishani. Kamsalimia mzee, kauliza na mimi ni nani wake. Greda kajibu bila kusita: "Huyu ni mpishi mpya wa kambi. Mtu mwema, ila haongei sana."

Mkagua tiketi akanitazama. Pembeni palikuwa na nafasi ya kugeuza gari. Nikampa tiketi.

Greda akasema, "Mpishi, mimi nina mke, unajua?"

Nikauliza yukoje.

"Akikasirika hasemi. Unamjua kwa anavyoweka sufuria." Akacheka kidogo. Akaangalia maji. "Kila nikipata likizo, njiani naogopa nitamkuta kashanisahau. Nikifika, naanza kusimulia barabara, barabara, ili asiuone woga wangu."

Miaka yote ile nilidhani anaipenda barabara kuliko mimi. Nilikuwa naweka sufuria kwa kishindo.

Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini angenyamaza, angeniuliza nani mwenzangu, na hiki anachonipa mpishi nisingekipata tena. Nikachukua daftari hili ili mikono iwe na kazi.

Kaniona. "Unaandika barua?"

Nikasema ndiyo.

"Basi niandikie na mimi, ya mke wangu. Mkono wangu siku hizi mzito."

Naandika. Anasema kwa utulivu, anasubiri nimalize kila neno. Mwambie mimi mzima. Mwambie chakula kipo, tumepata mpishi. Mwambie kazi imesogea mbali, mpaka karibu na mto mkubwa. Mwambie asihangaike kunifuata huku. Huku si pa kuja mtu peke yake.

Nimeandika hivyo hivyo, peke yake.

Lori la mbele limewasha injini. Anataka nimsomee nilichoandika. Nimesoma hadi kwenye mpishi tu. "Endelea," anasema. Zimebaki gari mbili. Mtu wa kibendera anatupungia tusogee. "Endelea, mbona unaishia hapo?" Moja. Greda kashika kitasa cha mlango wake, anauliza barua tunampa nani aipeleke, na mimi mguu uko kwenye kanyagio la mafuta. Naweka kalamu.