Éclaireur watatu nyuma

Jumanne, Ndosho

Sijawahi kumwambia mtu: maneno mengi ya Kifaransa katika ule mchezo wa simu huwa nayakisia tu. Darasani wananiita Prof, kwa hiyo naona haya kuuliza.

Leo tulichagua nani atacheza dhidi ya shule ya Himbi. Unapanga wapiganaji, kisha wanapigana wenyewe. Nilidhani éclaireur ni mwenye kuwamulikia wenzake, nikawaweka watatu nyuma kabisa. Mbele pakavunjika mara moja.

"Prof, éclaireur ni mutu wa kutangulia akapeleleze! Haiko ampuli ya taa, weye!" Fiston, kapiteni wetu, alicheka mpaka akakohoa.

Nafasi yangu akampa mwingine. Ni kitu kimoja tu nilichowazidi, kujua mambo, na sasa hata hicho…

Nilifuta mchezo, nikamrudishia dada simu yake.