Kipindi cha Adabu

Mpendwa Bi Bakhita, shikamoo, nnakuandikia kutoka Maskati unisaidie kabla sijaumbuka, mimi ni mwalimu kutoka Unguja, na mwaka huu wa 1970 ilipofunguliwa skuli ya wasichana nikapewa darasa la wakubwa, wa miaka kumi na mbili mpaka kumi na nne, ambao mwanzo walichanganywa na watoto wa miaka saba kwa kuwa wote hawajui kusoma, na kwenye ratiba ya Kiarabu nikaona kila Jumatatu na Jumatano "adab", nikajua ni adabu, basi nikawa nawakalisha saa nzima mikono mapajani, hapana kucheka, hapana kutoka, na Jumatano iliyopita Muhsina, mwenye miaka kumi na mitatu, akanyoosha mkono mara tatu, "Mwalimu, nnaomba kutoka," nikamwambia, "Kaa! Hichi kipindi cha adabu," na alipoinuka gauni lina damu, wenzake wakacheka, akakimbia kwao na hajarudi, halafu Bi Aliya anayesomesha Kiarabu akaniuliza wanafunzi wangu wamefika mashairi gani, ndipo nikafahamu kuwa adab kwa Kiarabu ni fasihi, na jana nilipokwenda kwao Muhsina mama yake akaniambia, "Mwanangu keshavunja ungo, skuli ya nini tena? Ijumaa tunajibu posa," nikanywa kahawa, nikaondoka, kwani nikisema kweli nitachekwa Maskati nzima, nifanyeje?

Mwalimu mwenye haya

Marahaba, mwalimu. Haya unazo, ila umezipeleka siko. Zilitakiwa Jumatano, mtoto aliponyoosha mkono mara ya kwanza.

Hilo la kulikosea neno nakusamehe. Wengi wetu Kiarabu chetu ni cha msahafu na kuamkiana. Lakini hata kingekuwa kipindi cha adabu kweli, ni adabu ya wapi kumzuia mtoto kwenda chooni? Wewe ulizaliwa na chaki mkononi, hukuwahi kuwa msichana? Walioona kwamba msichana anayebadilika mwili hafai kukaa na wanaong'oka meno walifanya la maana, wakakupa darasa, nawe ukaligeuza kituo cha polisi.

Kisha ukaambiwa habari ya posa, ukanywa kahawa! Mtoto anaozwa kwa kosa lako, na wewe unawaza nani atakucheka. Wacha wacheke. Nitaanza mimi.

Usingoje Ijumaa. Nenda leo na Bi Aliya, umwambie mama kila kitu, na kwamba kuvunja ungo si cheti cha kumaliza skuli. Muhsina mwenyewe umwombe radhi, mbele ya mama yake. Darasani, anayetaka kutoka atoke. Weka kabatini kanga na vitambaa safi, ufunguo wakae nao wasichana. Wawe na mwalimu mmoja wa kumwendea kwa siri, na kwa sasa asiwe wewe. Waliocheka waelezwe kwamba zamu yao inakuja.

Na Jumatatu, kwenye adab, Bi Aliya asomeshe shairi, wewe ukae dawatini na wanafunzi, mikono mapajani. Ukitaka kutoka, mwombe Muhsina ruhusa.