Baba, Nitashukuru Nini Jumapili?

Likasi, Jumanne, mwezi wa sita

Mpendwa Baba,

Leo nitakuambia yote. Simu yako haiiti tena, na Mama hataki tukutumie maneno ya mdomo kwa sababu yanafika yameharibika. Kwa hiyo naandika. Mama Georgine wa kanisani, yule anayeuza samaki wakavu, anakwenda Kolwezi kesho asubuhi na anarudi Ijumaa. Amesema anajua mahali ambapo wachimbaji waliotoka Likasi wanalala huko. Atakupa barua hii mkononi, nami nakuomba umpe jibu, hata likiwa mstari mmoja.

Jumapili hii kanisa letu la Panda linafanya ibada ya shukrani kwa ajili yako, kwa kuwa ulitoka hai katika shimo. Wewe hupo. Wamenichagua mimi nisimame mahali pako nitoe ushuhuda, na sijui nitasema nini.

Baridi imeingia. Asubuhi, kabla ya shule, tunaota moto wa mbabula, lile jiko letu la mkaa, na mdogo wangu Doka ananipokonya ile nafasi yako karibu na ukuta. Mama sasa anaponda mawe kwenye machimbo ya Kakontwe pamoja na wanawake wengine, anauza kokoto kwa ndoo. Anarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi mpaka Doka anamwita bibi kizee. Mama anacheka kidogo. Kwa siku nzima ni hapo tu anapocheka.

Nataka nikukumbushe kanuni yako ya mezani, maana nadhani huko uliko hakuna mtu wa kuishika nawe. Kabla ya mkono wowote kugusa ugali wetu wa bukari, kila mmoja alipaswa kusema jambo moja la kumshukuru Mungu. Halikuruhusiwa kuwa la jana, wala kuwa kubwa mno. Nilipokuwa mdogo nilisema, kwa sauti ya kanisani, kwamba nashukuru kwa uzima. Ukanitazama sana.

“Uzima ni ya bantu bote,” ukasema. “Minye nakuuliza ya weye. Ya leo.”

Nikafikiri mpaka bukari ikaanza kupoa, halafu nikasema kwamba mwalimu alinipa kipande cha chaki chekundu. Uliinamisha kichwa kana kwamba nimekuletea ng’ombe. “Aksanti, Bwana, kwa chaki,” ukaomba, na hukucheka.

Kaka yetu mkubwa, Yaya Trésor, ndiye aliyekuwa anatuvunja mbavu. Unakumbuka ile jioni alipofumba macho kwa heshima yote na kusema, “Minye nashukuru juu lenga-lenga iliisha ku soko”? Mama, aliyejua Yaya hapendi mchicha ule, alimnyooshea mwiko. “Basi kesho utakula chumvi, muheshimiwa!” Wewe ulicheka hata sala ikakushinda, ukaianza upya.

Na kazini ulikuwa hivyohivyo. Ulitufundisha kwamba kumwabudu Mungu hakungoji Jumapili wala gitaa. Uliimba ukiwa unanoa patasi, uliimba ukiwa unakung’uta udongo kwenye buti. Yaya alikuwa akipita anasema, “Baba, Mungu amechoka na ile sauti.” Nawe unamjibu, “Basi weye umupumuzishe. Imba.” Naye anaimba, kwa sababu alikuwa anangoja tu aagizwe kuimba.

Halafu mvua za mwezi wa tatu zikaja, nanyi mkashuka shimoni pamoja. Sikuulizi kwa nini ulimchukua. Najua alitafuta karo ya kusoma chuoni Mulungwishi, najua alikusumbua mpaka ukakubali. Mama pia anajua.

Mambo ya siku ile niliyapata kwa Papa Mwape, mwenzako wa kazi, aliyekuwa juu ardhi ilipoporomoka. Alitusimulia uani kwetu akiwa bado ana matope mpaka shingoni. Alisema walikuwa wamekata tamaa. Mmoja wao akaagiza mota ya kusukuma maji izimwe ili wasikilize, na ilipozimwa wakasikia unaimba. Wakachimba kufuata sauti. Ndivyo walivyokufikia. Yaya alikuwa pembeni yako, upande ulioanguka zaidi, naye walimpandisha baadaye katika turubai.

Tangu siku hiyo habari yako imekuwa mahubiri. Imetoka mtaa wetu wa Panda ikafika mtaa wa Kikula. Watu waliokuja kwenye matanga walimshika Mama mkono wakisema pole kwa ajili ya mwana, na kabla hawajauachia wakasema Bwana asifiwe kwa ajili ya mume. Mama hakujua ajibu lipi kwanza.

Kisha wageni wakaondoka, tukabaki peke yetu, Mama akapika. Nakwambia jinsi nilivyoiona jioni ile kwa upande wangu, maana hatujawahi kuizungumza. Bukari ilikuwa katikati. Hakuna aliyetaka kuanza. Kanuni yako ilikuwa imekaa pale pamoja nasi kama mgeni ambaye hakuna anayejua kumfukuza. Ndipo Doka, kwa kuwa ni mtoto na alifikiri anatusaidia, akasema, “Minye nashukuru Mungu juu Baba alitoka mu shimo.”

Ulitazama sahani. Ukanyanyuka, ukanawa mkono ambao haukuwa umegusa chakula, ukatoka nje. Asubuhi buti zako hazikuwepo mlangoni.

Baba, tangu hapo Doka hasemi kitu zamu yake ikifika. Tunamruka. Wiki iliyopita nilimuuliza kwa upole kwa nini, akaniambia sikioni, “Nikisema, muntu anaenda.”

Mama ameshikilia kanuni hata hivyo. Shukrani zake ni fupi na ngumu. Anasema, “Nashukuru juu leo jiwe halikuruka mu jicho.” Anasema, “Nashukuru juu maji ilikuja.” Siku nyingine anasema, “Nashukuru,” basi, na anaanza kula. Mimi nataja mambo ya shule. Ninayatoa mdomoni kama mtu anayetema mbegu. Kanisani nainua mikono kwa kuwa waliokaa karibu nami wameinua, na maneno ya nyimbo yanapita bila mimi. Sijaacha kuamini. Ila zamani kushukuru kulikuwa kama kukimbia kwenda mlangoni unaporudi, na sasa ni kama kubeba maji kupanda mlima.

Nilimuuliza Mama anawezaje. Alikuwa anatoa vipande vya mawe kwenye viganja vyake kwa sindano.

“Minye simushukuru Mungu juu Trésor alikufa,” akasema. “Kama kuko muntu anataka nishukuru vile, aende kwake. Namushukuru na Trésor mu roho. Njo vile ninaweza.”

Jumamosi shangazi Odile alikuja pamoja na Pasta kupanga ibada. Dada yako unamjua, hakai kabla hajasema. Alileta kitambaa cheupe, kwa kuwa anayemshukuru Mungu kwa kuokoka hasimami mbele ya kanisa akiwa amevaa nguo za msiba. Mama bado ana nguo nyeusi, hatujaondoa msiba.

“Jumapili utavaa nyeupe,” shangazi akasema. “Bantu banasema kaka yangu anaficha utukufu wa Mungu. Banasema alitolewa mu kaburi, akakimbia bila kusema aksanti.”

“Nikivaa nyeupe, Trésor nitamuweka wapi?”

“Sasa weye unataka Mungu akungoje?”

“Aningoje,” Mama akasema. “Minye namungojeaka kila siku.”

Shangazi alipiga makofi ya kushangaa, akamtazama Pasta ili amkaripie Mama. Pasta hakumkaripia. Alisema Mama aje na nguo yake nyeusi na akae mbele, na mtu akiuliza, aulizwe yeye. Shangazi alikunja kitambaa chake polepole. Halafu nikaona amelia, Baba, kwa hiyo usimkasirikie. Yeye pia alimlea Yaya mgongoni.

Kisha Pasta akanigeukia. “Rebeka, weye unajua kusema Kiswahili ya kitabu. Utasimama mu nafasi ya Baba. Sema kifupi tu. Baba yangu aliimba, Mungu akamusikia, akamutoa.”

Nikamuuliza, “Na Yaya, Pasta? Mungu hakumusikia?”

Mama aliniita jina langu kwa onyo. Pasta alivua miwani akaishika. Yeye ni mtu wa kujibu, unamjua, ana jibu hata kwa wale wa kanisa jingine. Lakini alisema, “Binti yangu, ile sina jibu yake. Sina.” Nilimheshimu kuliko siku zote alizohubiri. Lakini bado nilikuwa na ushuhuda wa kutoa, na hakunipa kitu cha kuweka ndani yake.

Kwa hiyo jana baada ya mtihani nilikwenda kwa Papa Mwape. Nilitaka nisikie tena, vizuri, ili nisiseme uongo mbele ya kanisa. Alikuwa anashona buti lake kwa waya. Nikamuuliza wewe uliimba wimbo gani.

“Ule wenu wa kunawa mikono,” akasema. “Baba yako alikuwa anauimba kila tukitoka ku kazi. Mashairi yake minye siyajui.”

“Aliimba muda murefu?”

“Murefu! Lakini hewa ilikuwa inamuishia, maskini. Anaimba kidogo, ananyamaza. Anaimba kidogo, ananyamaza. Tulikuwa tunaogopa kila akinyamaza. Tunasema, ameisha. Halafu anaanza tena.”

“Mulisikia sauti ngapi?”

Papa Mwape aliacha kushona. “Moja, binti. Sauti moja.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika kwenye ukuta wa kambi ya zamani ya wafanyakazi nikauanza wimbo ule kwa sauti ndogo ili nijue ulivyokwenda. Ndipo nikasimama. Papa Mwape hajakaa kwenye meza yetu. Hajui kwamba wimbo ule uliutunga wewe, na kwamba una watu wawili ndani yake. Wewe unasema, *Tumerudi, Bwana, na mikono michafu*, halafu unanyamaza. Unanyamaza kwa sababu pale si pako. Pale ni pa Yaya, kwa sauti yake ya juu: *Tupokee.* Kisha unaendelea, *Tumerudi, Bwana, na mizigo yetu*, unanyamaza tena. *Tupokee.*

Watu wote waliokuwa juu walidhani ni hewa. Kanisa zima linadhani ni hewa.

Sasa unaona kwa nini siwezi kusimama tu na kusema Baba yangu aliimba, Mungu akamsikia. Kama Yaya alikuwa anakuitikia kwa sauti iliyoshindwa kufika juu, basi walioimba mle chini walikuwa wawili, na sauti moja imeshukuriwa mpaka Kikula na nyingine haijatajwa hata mara moja. Nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena mbele ya madhabahu. Na kama hakuitikia, kama ulikuwa unamwachia nafasi yake na nafasi inabaki tupu, na bado ukaendelea kumwachia, basi hilo nalo si kama wanavyolihubiri. Nadhani ndilo ulilokuwa nalo mezani jioni ile, Doka aliposema neno lake. Nadhani hukumkimbia Mungu. Nadhani ulishindwa kukaa mahali ambapo wote wanasikia sauti moja.

Labda nimekosea. Wewe ulitufundisha tusimshukuru Mungu kwa mambo ya watu wote, bali kwa jambo letu, la leo, tunalolijua. Hilo ndilo ninalolitafuta. Nitasimama Jumapili kwa vyovyote vile, Mama atakuwa mbele yangu na nguo yake nyeusi, na sitasema kitu nisichokijua. Ukinijibu kwamba aliitikia, nitamshukuru Mungu kwa sauti ya kaka yangu, kwa jina lake, mbele ya wote, na watasema Amina wapende wasipende. Ukinijibu kwamba hakuitikia, nitashukuru kwamba alikuwa na mtu pembeni yake anayemngoja aimbe. Sijui kama nitaweza kulisema bila kulia. Nitajaribu.

Usiogope kwamba jibu litanivunja. Kinachonivunja ni kutojua. Na kama unaweza, ongeza mstari kwa Doka, kwa herufi kubwa, anajua kusoma kidogo. Mwambie si yeye.

Hatukudai urudi Jumapili. Sahani yako tunaiosha pamoja na nyingine. Kula vizuri, vaa sweta, huko asubuhi ni baridi kama huku. Ubaki na Mungu, hata kama kwa sasa hamsemezani.

Mama Georgine atapanda gari la kurudi Ijumaa asubuhi. Mpe karatasi, usimpe maneno. Baba, mle chini, kila uliponyamaza, Yaya aliitikia?

Binti yako,
Rebeka