Neno Lililomtoa Mama Yako Kazini

Hell-Ville, Nosy Be
14 Juni 1993

Mpendwa mwanangu Mariyama,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo, Hadjira. Hujambo wewe? Na shangazi yako Oumi, kifua chake kimetulia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti linanisumbua, na uvivu pia, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Kiswahili changu ni kile cha miaka niliyokaa kwenu Unguja, na hapa sina wa kuzungumza naye. Ukikuta kasoro, cheka kisha endelea kusoma.

Nimesikia ndugu zetu wa Mahabibo, kule Mahajanga, wamekuambia kwamba mama yako kafukuzwa kazi hotelini, nawe unataka kuacha chuo cha ualimu uje kumsaidia. Tulia kwanza, mwanangu. Kazi hiyo ndiyo inayokusomesha, na bado anayo.

Unajua hotelini mimi napika na mama yako anafua. Wakubwa huzungumza Kifaransa huko ofisini, sisi wa nyuma Kimalagasi, na habari zao hutufikia kwa mdomo wa Athoumani, bawabu wetu. Mwezi uliopita mkurugenzi mpya, Mfaransa, alitangaza ofisini kwamba mama yako Nadjma atakuwa "remerciée". Neno hilo maana yake ni kushukuriwa. Lakini ofisi zao zikiona haya kusema mtu kafukuzwa, husema hilohilo. Maskini Athoumani alikuwa amelisikia mara moja tu maishani, siku alipoachishwa kazi yake ya zamani. Akaja chumba cha kufulia machozi yanamtoka, akampa mama yako pole.

Mama yako hakuuliza mtu. Unakijua kiburi chake, maana nawe umekirithi. Alimaliza kupiga pasi shuka zilizobaki, akazikunja, akaenda zake. Asubuhi yake akapanda boti ya Antsahampano, bandari ya ng'ambo, ili akashike gari la Mahajanga. Huku nyuma mkurugenzi ametukusanya chumba cha kulia, keki iko mezani, anamngoja ampe usimamizi wa kufulia. Nilipoelewa nilicheka, kisha nikalia, kisha nikavua aproni nikakimbilia boti.

Nilimkuta ng'ambo amekaa juu ya mzigo wake, gari bado halijajaa. Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Hadjira," akaniambia, "miaka yote hii hakuna mkubwa aliyekuja kufulia akanisemesha. Neno la kwanza likija, ningedhani ni zuri kwa nini?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo. Akapanda gari akaenda Mahabibo, na uvumi wako ndiko ulikotokea. Alisema atarudi tu iwapo mwenye shukrani atamwambia mwenyewe.

Maneno hayo nilimfikishia mkurugenzi kwa Kifaransa changu cha jikoni. Akawa mwekundu. Si mtu mbaya, alidhani akisema ofisini basi hoteli nzima imesikia. Siku hizi kila Jumatatu anakuja kwetu wa nyuma, anasema yake, Athoumani anatafsiri, halafu anakaa kutusikiliza. Wanawake walikuwa na mengi, mwanangu. Jumatatu ya kwanza ilikuwa habari ya joto tu, na sasa kufulia kuna madirisha yanayofunguka.

Mama yako amerudi wiki iliyopita. Mkurugenzi alimfuata palepale penye pasi, mbele yetu sote, akaacha Kifaransa chake akamwambia "misaotra", asante ya huku kwetu, kwa matamshi ya kuchekesha. Mama yako akamwambia arudie. Akarudia.

Basi soma, usihangaike. Nisalimie Oumi na mjomba Mikidache. Athoumani naye anakusalimu, bado anaona aibu. Mola akufungulie kila mlango unaoubisha, na akurudishe kwetu ukiwa mwalimu.

Jana nilimuuliza mama yako kwa nini alimtaka yule bwana arudie, matamshi yalimshinda kuelewa? Akasema alielewa tangu mara ya kwanza, ila alitaka kulisikia tena.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye sana,
Hadjira