Baba, Nani Amhofie Kipa?

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba, siku sita kabla ya msimu kuanza, na mpaka leo hatujui kama uliondoka kwa sababu ya ugonjwa tu au ulikuwa umeshaiona ile safu ya ulinzi.

Wiki hii msimu mwingine unaanza. Kumbukumbu yako imeangukia Jumamosi, siku ileile ya mechi ya ufunguzi. Dada yako amepiga simu mara tatu kuuliza tuvae nini, nguo nyeusi au jezi ya zambarau. Mara ya kwanza nilimwambia nyeusi. Mara ya pili nikamwambia jezi. Mara ya tatu sikupokea.

Timu yenyewe hatuielewi. Wameuza wachezaji tisa, wamesajili kumi na mmoja, na kocha mpya amesema redioni kwamba vijana watacheza "bila presha", maneno ambayo wewe ungeyasikia ungemeza misumari. Asubuhi Kaka anasema ubingwa ni wetu. Jioni anasema tunashuka daraja. Nilimuuliza anaamini lipi, akasema anaamini yote mawili.

Wanaosoma tangazo hili na hawakukujua, tuwaambie. Watu walikuita Fundi Sponji. Ulitengeneza makochi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu kwa miaka thelathini na moja. Ulifanya kazi na misumari midogo mdomoni na ukaongea nayo humohumo, hadi wateja wakaizoea lugha yako. Kochi likiisha, ulilikalia dakika kumi. "Kochi zuri humsahaulisha mtu kwamba ana makalio," ulisema. Mama alikukemea kila mara, na kila mara ulirudia mbele ya wageni.

Shabiki wa wapinzani akileta kochi lake, ulimtengenezea vizuri kuliko wote, kisha ukashonea kipande cha kitambaa cha zambarau chini ya sponji, pasipoonekana. Mji huu una wapinzani wengi wanaokalia rangi yetu bila kujua. Tunawaomba radhi kwa niaba yako, ingawa hatuna uhakika kama wewe mwenyewe ungetaka tuombe.

Na yule mwalimu mstaafu, jirani yetu, alipovunjika nyonga ulikichukua kiti chake, ukakiinua kwa sponji ya pili ili aweze kusimama bila kushikwa mkono. Hukumwambia mtu. Tulilijua msibani, aliposimulia mwenyewe.

Lakini tunachokikumbuka zaidi wiki hii ni mgao. Jumapili ya mwisho kabla ya msimu, baada ya chakula cha mchana, ulizima televisheni, ukatoa karatasi, ukasoma. Kila mmoja wetu alipewa namba yake ya jezi ya kuihofia msimu mzima. "Wasiwasi wa timu nzima utamuua mtu," ulisema. "Tugawane." Mchezaji wako akiumia, wewe ndiye unayekosa usingizi, wengine wanalala. Akikosa penalti, wewe ndiye unayetoa maelezo mezani. Namba zetu zilibadilika kila mwaka kwa sababu ulizozijua peke yako. Yako haikubadilika. Ulijipa namba moja, kipa. "Mshambuliaji akikosea, anakosa goli. Kipa akikosea, anakosa pa kuficha uso. Huyo niachieni mimi."

Hata mume wangu hukumwacha mikono mitupu. Yeye ni shabiki wa wale wengine, na tangu siku ya kwanza alipoingia nyumbani ulimwita Mpinzani. Ulimpa mwamuzi. Miaka saba mkweo amekaa kwenye kiti cha pembeni akimhofia mwamuzi, na mwamuzi akituonea, maelezo yalidaiwa kwake.

Mwaka jana mgao hatukuusikia. Ulikuwa umelazwa miezi mitatu, nasi tulikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, hatusikilizi usajili wala habari ya mpira. Siku mbili baada ya mazishi, Kaka alikuta karatasi kwenye kopo la vifungo, mwandiko wako, majina yetu na namba. Tulilia. Tukaishika kama wosia. Mama: namba nne.

Kumbe ilikuwa karatasi ya miaka ya nyuma, tuliyokwisha kuisahau. Hukuwa mtu wa kuandika tarehe, Baba. Namba nne alishauzwa, na jezi yake haikupewa mtu. Mechi ya kwanza hakuonekana, tukadhani ana jeraha. Ya pili vilevile. Baada ya mechi ya tatu Mpinzani akaninong'oneza jikoni, "Mbona yule mtu aliuzwa kitambo? Nilidhani mnajua."

Kufikia hapo Mama alikuwa ameshamzoea. Macho yake hayaoni vizuri kwenye televisheni, kwa hiyo kila mechi aliuliza kutoka kwenye kochi lake:

"Namba nne wangu vipi?"

"Mzima, Mama," tulijibu kwa pamoja.

"Hajaumia?"

"Hajaumia."

Na kweli hakuumia. Tukaumaliza msimu hivyo. Mpaka sasa sijui tuuite uongo au tuuite nini.

Timu ilimaliza nafasi ya pili. Na kipa, msimu wake wa kwanza bila wewe kumhofia, alifungwa magoli machache kuliko miaka yote. Hilo limetuvuruga akili. Kaka anasema huenda wasiwasi wako ndio uliokuwa ukimtetemesha mikono. Usimjali Kaka. Na yule kipa mwenyewe ameuzwa mwezi uliopita kabla hatujaelewa.

Jumapili iliyopita tulikaa tena. Hapakuwa na karatasi. Kaka alijaribu kugawa kwa kichwa, akajipa namba kumi, akanipa mimi beki wa kushoto ambaye hakuna anayejua jina lake, kisha akafika kwenye namba moja. Akaanza kuhesabu upya. Kumpa mtu namba moja ni kusema kwamba hurudi. Tunajua hurudi, Baba, tulikuzika wenyewe. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema mezani.

"Jamani, asiyekuwepo na lake halipo," Kaka akasema. "Tugawe, tuendelee."

Mama alimtazama mpaka akainama.

"Basi mchukue wewe, Mama," nikasema mimi.

"Sitaki. Nataka namba nne wangu."

Tukatazamana. Kaka akakohoa. "Mama, huyo namba nne..."

"Aliuzwa. Kwani mimi mtoto? Nilijua tangu mechi ya tano. Watu mnajibu mbio hivyo, kabla mtu hajamaliza kuuliza, nani asijue kuna jambo?" Alikuwa akipangusa meza iliyokwisha kuwa safi. "Baba yenu nimemhofia miezi mitatu. Sikula, sikulala, nimemhesabia pumzi. Ikasaidia nini? Namba nne hachezi, haumii, hanipandishi presha. Huyo ndiye ninayemuweza."

Nililia palepale, sikuona aibu. Mwaka mzima tulidhani sisi ndio tunaomlinda.

Ndipo Mpinzani, ambaye kwa kawaida siku ya mgao hafungui mdomo, akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Kipa nipeni mimi."

"Wewe?" Kaka akasema.

"Mwamuzi nimemhofia miaka saba, nimechoka naye. Na huyu kipa wenu mpya nimemwona. Ni mzuri. Nitamtunza."

Mama akasimama. "Kipa wa mume wangu alelewe na mpinzani? Thubutu! Kaa chini!"

"Mama, mimi nimekaa."

"Basi endelea kukaa! Kipa ni wangu." Akashika meza kwa mikono miwili, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kisha akauliza polepole, bila kututazama, "Ana umri gani?"

"Ishirini na moja," Mpinzani akasema.

"Mungu wangu. Mtoto kabisa. Na krosi anatoka kuzidaka?"

"Anajitahidi, Mama."

"Anajitahidi," Mama akarudia. Akakaa chini, akatuambia tumpishe kidogo.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza mume wangu kama alifanya kusudi. "Nilimtaka kweli," akanijibu, na njia nzima alinuna. Miaka saba ya ndoa, Baba, na bado sijui niamini lipi.

Tangu siku hiyo Mama hana raha. Amesikia kwamba kipa ana maumivu ya bega, na ameniuliza mara nne ni bega gani. Usingizi umempungua. Kaka anasema tumefanya kosa, tungemwachia mtu wake aliyeuzwa akapumzika naye. Nami nikamkubalia. Lakini jana nimemkuta Mama sebuleni akimgombeza mtangazaji kwa sauti kubwa, eti anawezaje kusema kipa bado mchanga kabla hajamwona akidaka, na sauti ile hatukuwa tumeisikia humu ndani tangu ulazwe. Nilisimama mlangoni sijui nicheke au nilie. Nikafanya vyote.

Kwa hiyo tunakuarifu, Baba, kwa heshima na kwa kuchanganyikiwa kwetu kote: namba moja si yako tena. Mama ameichukua. Mkono umekuwa mzito kuandika hivyo, na kama tumekukosea utusamehe. Umemhofia kipa miaka thelathini. Sasa pumzika, umepata wa kukupokea.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye Jumamosi atakaa mbele kabisa ya televisheni na hataki kusemeshwa. Na mwanao wa kiume, bingwa wa asubuhi. Na binti yako anayeandika haya. Na dada yako, ambaye ameamua kuvaa jezi ndani na nyeusi juu. Na mkweo Mpinzani, ambaye amebaki na mwamuzi wake.

Daima tutakukumbuka, Fundi, hata tukishuka daraja.